Dawa ya Kansa ya Mapafu: Inavyofanya Kazi, Inavyomtesa Mgonjwa, na Haki Tunayoidai



Katika mikutano ya matawi yetu ya West Nile, kuanzia Arua hadi Koboko na mpakani Oraba, swali moja limeletwa mbele yetu mara nyingi: "Hii dawa wanayotundikiwa wagonjwa wa kansa ya mapafu, inaponya au inaua?" Swali hili si la mchezo. Wako wenzetu waliokimbia hospitali baada ya kutundikiwa mara ya kwanza tu, kwa sababu walitapika usiku kucha na jirani akawaambia kwamba wanatiwa sumu. Wako wengine walioivumilia dawa mpaka mwisho, lakini waliporudi kazini walikuta majina yao yamefutwa katika orodha ya mshahara.

Chama hakiwezi kunyamaza juu ya mambo haya. Ndiyo maana leo tunaeleza kwa maneno ya kawaida dawa hii ni nini, inafanya kazi namna gani, kwa nini inaumiza, na mfanyakazi afanye nini ili asipoteze uhai wala kazi yake. Anayejua kusoma amsomee mwenzake asiyejua.

UGONJWA WENYEWE

Kansa, ambayo wengine huiita saratani, ni uasi ndani ya mwili. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina kazi yake, na inapochakaa nyingine huzaliwa mahali pake kwa kujigawa. Kazi hii huenda kwa amri. Chembe ya kansa ni ile isiyosikia filimbi ya kufunga kazi. Inajigawa mchana na usiku, inajaza nafasi ya wengine, na mwishowe husafiri kwa njia ya damu kwenda kuanzisha uvimbe mwingine kwenye ini, mifupa au ubongo.

Kinacholeta kansa ya mapafu zaidi ya kitu kingine chochote ni moshi wa sigara. Sisi wa West Nile tumelima tumbaku kwa miaka mingi, kwa hiyo tuseme wazi. Kushika jani bichi lenye umande kunaweza kumlevya mtu, akapata kizunguzungu na kutapika, kwa kuwa sumu ya nikotini hupita kwenye ngozi. Hayo ni maradhi ya kweli, lakini siyo kansa. Kansa ya mapafu huletwa na moshi wa tumbaku unaovutwa, na hata asiyevuta anapokaa katika moshi wa wenzake anajitia hatarini.

Kazi nazo zina sehemu yake. Vumbi la asbesto na vumbi laini la mawe huleta kansa hii. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani liliandika moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Wenzetu wa Oraba wanaokaa kutwa kati ya malori yanayonguruma, wakingoja karatasi za forodha ili yavuke kwenda Sudan Kusini, wanahusika na jambo hili.

Dalili zake ni kikohozi kisichokwisha, damu katika makohozi, maumivu ya kifua, kukosa pumzi na kukonda. Dalili hizo hizo ni za kifua kikuu, na hapo ndipo wengi hupotea. Mgonjwa hupewa dawa za kifua kikuu, miezi inapita, kumbe ugonjwa ni mwingine. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda ukapimwe. Ikiwa dawa za kifua kikuu hazikupi nafuu, usikae kimya. Rudi na uombe picha ya kifua, na uombe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Arua.

DAWA INAVYOFANYA KAZI

Dawa za kansa ya mapafu ziko nyingi. Leo tunaeleza moja ambayo ni kama nguzo ya nyumba, nayo inaitwa sisplatini. Mara nyingi hutolewa pamoja na mwenzake, kama etoposaidi au paklitakseli.

Sisplatini imetengenezwa kwa platini, madini ya thamani kama dhahabu. Katika mwaka 1965, mtaalamu mmoja huko Michigan, Marekani, jina lake Barnett Rosenberg, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye vijidudu. Vyuma alivyotumia vilikuwa vya platini. Akaona ajabu: vijidudu havikufa, vilirefuka kama nyuzi, lakini havikuweza kujigawa. Umeme haukuwa ndio sababu. Sababu ilikuwa platini iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo majini. Basi akawaza: ikiwa kitu hiki kinazuia vijidudu kujigawa, kwa nini kisizuie kansa? Ilipofika mwaka 1978 dawa hiyo iliruhusiwa kutumika Marekani, na leo imo katika orodha ya madawa ya lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Tukumbuke pia kwamba platini nyingi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini na wafanyakazi kama sisi. Huko Marikana, tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimba platini 34 waliogoma wakidai mshahara.

Sasa, dawa ikiingia mwilini inafanya nini? Ndani ya kila chembe kuna uzi mrefu wenye maagizo yote ya maisha ya chembe hiyo. Kabla chembe haijajigawa, lazima uzi huo ufunguliwe na kunakiliwa, ili kila mtoto apate wake. Sisplatini huingia ndani ya chembe na kuushika uzi huo mahali pawili, ikaukunja. Wenzetu wa viwanda vya nguo wataelewa upesi: ni kama fundo katika uzi wa kufuma. Mashine ikifika kwenye fundo, inakwama. Chembe nayo hujaribu kulifungua fundo, na ikishindwa hufa.

Kwa kuwa chembe za kansa zinajigawa bila kupumzika, ndizo zinazokwama kwa wingi. Lakini dawa haina macho. Nayo ni kama dawa ya magugu: ikinyunyizwa ovyo, hukausha hata mche mchanga wa mahindi. Mwilini ziko chembe njema ambazo nazo hujigawa upesi, yaani zile za utumbo na mdomo, zile za kwenye uboho wa mifupa zinazotengeneza damu, na zile za mizizi ya nywele. Hizo nazo huguswa. Tofauti ni kwamba chembe njema zina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza. Ndiyo maana dawa haitolewi kila siku. Hutolewa, kisha mgonjwa hupumzishwa, kwa kawaida siku 21, mwili upate nguvu, kisha hutolewa tena. Kila mzunguko kama huo tunauita duru. Mara nyingi duru ni 4, na wengine hufika 6.

Mtu anayeikimbia dawa baada ya duru moja amepata maumivu yake bila kupata faida yake. Chembe za kansa zilizobaki zinaendelea kuzaana.

SIKU YA DAWA

Kabla ya dawa, damu hupimwa ili kujua kama chembe za damu zinatosha na kama figo ni nzima. Mgonjwa hupimwa urefu na uzito, kwa sababu kipimo cha dawa hufuata ukubwa wa mwili. Hutundikiwa maji mengi ya chumvi, halafu dawa, halafu maji tena. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Maji hayo si ya kupoteza wakati. Sisplatini hutoka kwa njia ya mkojo, na ikikaa katika figo bila maji huziharibu.

Ukiona mahali palipochomwa sindano panawaka au kuvimba, mwite muuguzi hapo hapo, hata kama unaona haya. Dawa za kansa zikivuja nje ya mshipa zinaweza kuharibu nyama.

MATESO YAKE NA LA KUFANYA

Kutapika. Sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazotapisha zaidi. Kichefuchefu huanza siku ile ile, na kinaweza kurudi siku ya pili hadi ya tano. Lakini ziko dawa za kukizuia, kama ondansetroni na deksamethasoni, na hutolewa kabla ya kutapika kuanza. Usiondoke hospitali bila za kumeza nyumbani. Kula kidogo kidogo: uji, muhogo, maharage, samaki, yai. Kinywa kikiwa na ladha ya chuma, usishangae, kitarudi. Kunywa maji safi yaliyochemshwa. Ukishindwa kabisa kuweka maji tumboni kwa siku nzima, rudi hospitali, maana figo zako zimo hatarini.

Homa. Ndugu, hapa tunaomba msome mara mbili. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dawa, chembe nyeupe za damu hupungua sana. Hizo ndizo askari wa mwili. Askari wakiwa wachache, ugonjwa mdogo huweza kuua kwa siku moja au mbili. Joto la mwili likifika 38, au ukitetemeka kwa baridi, hata kama ni saa nane za usiku, nenda hospitali. Usimeze Panadol ukalala, wala usidhani ni malaria ukanunua vidonge dukani. Ukifika, sema kwanza: "Natumia dawa za kansa." Kila tawi liwe na kipima joto kimoja cha kumwazima mgonjwa. Bei yake si kubwa.

Uchovu na upungufu wa damu. Mgonjwa huchoka hata kwa kwenda kisimani. Huo si uvivu, na msimamizi asiuite hivyo. Damu ikipungua mno, huongezwa.

Nywele. Sisplatini peke yake haiziondoi sana, lakini wenzake kama etoposaidi na paklitakseli huziondoa. Zitaota tena dawa ikiisha. Tusimcheke mama wala mzee anayefunga kitambaa kichwani.

Masikio. Dawa hii inaweza kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu, na mara nyingi masikio yaliyoharibika hayarudi. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye masikio yake yamekwisha kuumizwa na mashine amwambie daktari kabla ya kuanza. Aombe kupimwa masikio, na asirudishwe penye kelele bila vizibo.

Vidole. Mikono na miguu huweza kufa ganzi, ukashindwa hata kufunga kifungo cha shati. Kwa anayeshika panga, anayechuma chai au anayelisha mashine, ganzi hiyo ni hatari ya kukatwa kidole. Mwambie daktari mapema, kwani anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Ukinyamaza, ganzi huweza kubaki.

Figo. Wakati wa dawa hii usinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo bila kumwuliza daktari, kwa kuwa nazo huzichosha figo. Miti shamba pia mwambie daktari. Hatuwatukani wazee wetu wenye kujua mizizi, lakini dawa mbili zisizofahamiana zinaweza kugombana ndani ya mtu mmoja.

Uzazi. Mwanamke asishike mimba wakati wa dawa, na mwanamume asitie mimba, kwa kuwa mtoto anaweza kuumizwa tumboni. Vijana wanaotaka watoto baadaye wamwulize daktari kabla ya kuanza, maana dawa inaweza kuharibu uzazi.

Nyumbani. Kansa haiambukizi. Mgonjwa ale na wenzake na abebe watoto wake. Ila kwa siku mbili baada ya dawa, mkojo na matapishi yake bado vina dawa ndani. Anayevisafisha avae mpira wa mikono, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

JE, INAPONYA?

Hatutawadanganya. Ikiwa kansa imeonekana mapema na daktari ameweza kuikata, dawa hii hutolewa ili isirudi. Utafiti uliojumlisha wagonjwa wengi umeonyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo, kama 5 zaidi huwa hai baada ya miaka 5 kwa sababu ya dawa. Ikiwa kansa imekwisha kuenea, kwa kawaida dawa haiiondoi kabisa. Inapunguza uvimbe, inampa mtu pumzi, inapunguza maumivu, na inamwongezea muda. Muda huo ni wa kuzungumza na watoto na kuweka shamba na madeni sawa. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari waziwazi: "Unanipa dawa hii kuponya, au kunipunguzia?" Na ana haki ya kujibiwa.

DAWA HIZI SI NGENI KWETU

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu na watu wa mjini. Sivyo. Katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua, Daktari Ted Williams aliandika kwa uangalifu habari za watoto wenye kansa ya taya. Mwaka 1961 alisafiri pamoja na Daktari Denis Burkitt wa Mulago na Daktari Clifford Nelson, wiki 10 na maili zipatazo 10,000, hospitali hata hospitali, kutafuta mahali ugonjwa ule ulipo. Katika miaka ya 1970 damu ya watoto zaidi ya 40,000 wa West Nile ilichukuliwa, na kwa uchunguzi huo dunia ikajifunza uhusiano wa kansa ile na kirusi fulani.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu kansa hiyo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichozaa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Hapo watoto walitibiwa kwa dawa zilizo ndugu wa sisplatini, na wengi wakapona, kwa kuwa kansa ile husikia dawa kuliko ya mapafu. Hapo pia ilijaribiwa kuchanganya dawa badala ya kutumia moja. Wataalamu wa Kimarekani walipoondoka mwaka 1972, Daktari Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi na kazi ikaendelea katika siku ngumu. Kwa hiyo mtu wa Koboko akitundikiwa dawa hizi, asijione mgeni. Watoto wa wilaya hizi walitoa damu yao ili elimu hii ipatikane.

SHERIA NA HESABU

Sasa tuje kwenye mkate. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua, apate mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini mwisho wa mwezi wa pili, ikiwa bado anaumwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba.

Tufanye hesabu pamoja. Miezi miwili ni siku 60. Duru 4 za siku 21 ni siku 84. Duru 6 ni siku 126. Maana yake sheria inachoka kabla ya dawa kwisha. Mfanyakazi anayetii maagizo ya daktari anaweza kuachishwa kazi akiwa katikati ya matibabu, huku Kampala iko karibu kilomita 500 kutoka Arua na nauli inatoka mfukoni mwake. Ndiyo sababu wengine hukatisha dawa. Tusiseme ni woga tu. Wanakimbia njaa.

Kwa hiyo mambo haya yaingizwe katika kila mkataba wa pamoja tunaoujadili na waajiri:

1. Mgonjwa wa kansa asiachishwe kazi mpaka duru zake ziishe na daktari atoe maoni.

2. Anayeweza kufanya kazi kati ya duru apewe kazi nyepesi mbali na vumbi, moshi, kelele na mashine za kukata, na ahesabiwe kukosa zile siku tu alizokuwa hospitali au kitandani.

3. Mwajiri achangie nauli ya kwenda na kurudi kwenye matibabu.

4. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi minne apewe mkataba wa maandishi, kama kanuni za ajira za mwaka 2011 zinavyotaka. Bila karatasi hana pa kusimama.

5. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, inayokataza kuvuta sigara mahali pa kazi, ifuatwe hata ofisini kwa meneja. Na malori yanayongoja yazime injini.

Nawe mfanyakazi una wajibu wako. Ukiugua, mjulishe mwajiri mapema, na uchukue cheti cha daktari kila unapokwenda, kwa kuwa sheria inampa mwajiri haki ya kukidai. Weka nakala kwa katibu wa tawi. Kama wewe ni mwanachama wa NSSF na daktari amesema huwezi tena kufanya kazi, ulizia mafao ya ulemavu kabla hujakata tamaa.

Na tawi lina wajibu wake pia: kumpeleka mgonjwa na kumrudisha, kumlimia shamba wiki ya dawa, na kuhakikisha kwamba siku ya 7 hadi ya 14 hayuko peke yake nyumbani bila mtu wa kumpima joto.

Makatibu wa matawi wasome makala hii katika mkutano ujao, kisha walete majina ya wenzetu walioachishwa kazi wakiwa kwenye matibabu, pamoja na tarehe na vyeti vyao. Tunataka kwenda mbele ya waajiri na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.